Nilimdanganya daktari kuhusu kazi yangu, mke wangu akaikosa nafasi ya upasuaji

Wakuu, salaam kwenu nyote. Na nyie wadogo naitikia marahaba kabla hamjaniamkia.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili. Naishi Kiswere, hapa kati ya Kilwa na Lindi. Nilisoma hadi kidato cha nne, kile cha zamani. Humu jukwaani nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika, na nitaandika yaliyotokea tu, hata pale yanaponivua nguo mbele yenu.

Majina nimeyabadili. Hospitali sizitaji, maana kosa la kwanza katika habari hii ni langu.

Na nyie wa PM mnaouza mizizi ya kutibu saratani, msinifuate. Nimeshakuwa mteja wa wenzenu.

Nianzie mbali kidogo.

Nikiwa kijana nilikuwa fundi wa paa. Kontrakta mmoja alikuwa akiezeka nyumba za watumishi na madarasa upande wa Lindi, kwa yale mabati mazito ya saruji, ya kijivu, yenye mawimbi. Sisi tuliyaita asbesto. Wenye umri wangu mnayakumbuka. Hayashiki kutu, mvua ikinyesha hayapigi kelele, na ndani kunakuwa na ubaridi. Pwani huku chumvi inakula bati la kawaida mpaka linabaki kama chujio, kwa hiyo tuliyaona yale ni neema.

Kazi yangu ilikuwa kukata. Msumeno wa mkono, kutwa nzima. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga wa muhogo. Narudi nyumbani mweupe mpaka kope.

Mke wangu, Somoe, alikuwa akinipokea mlangoni kwa kicheko. "Karibu mzimu wangu. Vua hapo hapo nje."

Navua. Anazikung'uta zile nguo, pu, pu, pu, vumbi linapanda, ndipo anazifua.

Sasa sikilizeni hapa.

Kwetu nyumba ya miti na udongo wanaoisiriba ni wanawake. Mvua za masika zikiisha, kila mmoja anaupaka upya ukuta wake, na watu wakipita wanatazama. Mwanamke anasifiwa kwa ukuta. Sisi mafundi tuligundua kwamba unga wa msumeno wetu ukichanganywa na udongo, ukuta unashika, haupasuki, na panya hatoboi. Nikawa naubeba kwenye viroba. Somoe anauchekecha, anaukanda kwa mikono, anasiriba. Hapakuwa na ukuta kama wake kijiji kizima. Wenzake wakaja kuomba, nami nikawagawia kwa majivuno makubwa.

Vipande vya mabati vilivyobaki pia nilivibeba, bila msimamizi kujua, nikaezekea jiko letu. Hilo la bila msimamizi kujua likumbukeni.

Miaka ikaenda. Kazi ya paa ikaisha, nikarudi kwenye mikorosho na ufuta. Tulijaaliwa mtoto mmoja tu aliyekua, Zuhura. Akaolewa na kijana anaitwa Salumu, wakahamia Dar.

Somoe alianza kuugua msimu wa kuokota korosho. Akiinama kuokota, anainuka ameshika ubavu wa kulia. Nikamwambia ni uzee. Akaniambia, "Basi uzee umeingia upande mmoja." Baadaye ikawa pumzi. Kutoka kisimani mpaka nyumbani anapumzika mara nne.

Tukaenda hospitali Lindi. Wakapiga eksirei, wakakuta maji yamejaa kifuani. Wakayatoa kwa sindano, rangi ya chai kavu. Akapata nafuu. Wiki mbili baadaye yakajaa tena.

Daktari alikuwa kijana, ana adabu. Akanigeukia mimi. "Shikamoo mzee wangu. Umewahi kufanya kazi gani maishani?"

Wakuu, mimi ni mtu wa mashaka tangu nizaliwe. Mgonjwa ni mke wangu, kazi yangu inamhusu nini? Tena siku zile kijijini kulikuwa na maneno kwamba kuna watu watapita kukagua nyumba zenye mabati yale. Picha ya jiko langu ikanijia mbele ya macho. Nikasema moyoni, huyu katumwa.

Nikamjibu, "Mkulima. Mikorosho."

"Tangu ujana?"

"Tangu kuzaliwa."

Somoe alinitazama. Daktari akaandika.

Makohozi hayakuonyesha TB, lakini wakamwanzishia dawa za TB kwa kuona ndiyo inayoelekea zaidi. Siwalaumu. Mkulima wa korosho, mkewe ana maji kifuani, wewe ungefikiri nini? Akameza miezi sita. Maji yakarudi, na ubavu ukaanza kuingia ndani kama mtumbwi uliokauka vibaya.

Zuhura na Salumu wakatuita Dar.

Huko alipita kwenye mashine ya CT scan, kisha wakamwingiza kamera ndogo ubavuni, wakanyofoa kinyama cha kupima. Daktari wa upasuaji wa kifua alikuwa mwanamke, mtaratibu, anaongea kama hana haraka na dunia. Naye, kabla ya majibu, akaniuliza lile lile. Kazi. Nyumba. Vumbi.

Nikasema mikorosho.

Akaandika. Kalamu zao ndizo zilizonitia wasiwasi. Anayeandika ana anayempelekea.

Adhuhuri nikatoka kwenda kuswali. Niliporudi nikamkuta daktari amekaa kitandani kwa Somoe, wamesogeleana kama mashoga. Waliponiona wakanyamaza. Basi siku ile nikaanza kumshuku mpaka mke wangu.

Majibu yakaja. Mesothelioma. Saratani ya ule utando unaolifunika pafu. Daktari akaeleza kwamba mara nyingi inatokana na vumbi la asbesto, na linaweza kukaa kifuani miaka thelathini, arobaini, ndipo linaamka. Alipokuwa akisema hivyo hakunitazama mimi. Alitazama faili.

Mimi nilitazama dirisha.

Kisha akaleta habari ya upasuaji. Ugonjwa ulikuwa bado upande mmoja. Aina ya chembe zake, alisema, siyo ile mbaya kuliko zote. Moyo wa Somoe ulikuwa mzima. Angeweza kumfungua ubavu, auvue ule utando uliokakamaa kama unavyoambua ganda, pafu lipate kutanuka, halafu afuatishe na dawa za dripu.

Nikamuuliza, "Atapona?"

"Sitakuahidi kupona, baba."

"Sasa unampasua ili iweje?"

"Apate muda. Na apumue. Wapo wanaopata muda mzuri, wapo wasiopata kitu, na upasuaji wenyewe ni mkubwa, una hatari zake. Nakwambia ukweli wote ili muamue mkijua."

Mtu mwenye akili angesikia hapo ukweli. Mimi nilisikia mtego. Fundi gani anakwambia nitabomoa nyumba yako na labda isisimame? Nikajiambia wanataka kumfanyia majaribio. Nikajiambia wanataka kutoa vitu vya ndani. Salumu, mkwe wangu, alikuwa mbio mbio na fomu, anapokea simu nje, anarudi anatabasamu. Nikamshuku na yeye. Baadaye nilikuja kujua alikuwa akiwatafuta watu wa kumtolea damu mama mkwe wake.

Nikampigia mdogo wangu, Bakari.

"Kaka," akasema, "huo ugonjwa hautaki chuma. Ukiuchokoza kwa kisu unatawanyika. Humkumbuki yule bwana wa Milola? Alipasuliwa, akarudi kwenye sanduku."

Maneno haya mmeyasikia wote. Ugonjwa hautaki chuma. Huku kwetu yanasemwa kwa saratani, yanasemwa kwa jipu, yanasemwa mpaka kwa degedege. Yule bwana wa Milola nilikuja kuulizia baadaye sana. Alikuwa na ngiri iliyojifunga, na walimkawiza nyumbani siku tano wakihofia hicho hicho chuma.

Nikarudi wodini. Nikamwambia Somoe tunaondoka.

"Mimi nataka, Baba Zuhura," akasema. "Wanifungue tu. Nimechoka kulala nimekaa."

"Wamekulisha maneno."

"Hakuna aliyenilisha. Mwenye kifua ni mimi."

Nikanyamaza kwa ile namna ambayo mke wa ndoa ya miaka arobaini na kitu anajua maana yake. Zuhura alilia. Daktari hakugombana. Alisema tukajadili kama familia, tusizidishe wiki mbili, ugonjwa huu haungoji.

Tulikaa Kiswere miezi mitatu.

Nilimtafutia kombe la aya za Kurani, akanywa. Nikaenda mpaka milima ya Kipatimu kwa mganga mmoja aliyesifiwa, akanipa mizizi. Na huyo nilimshuku, nikamlazimisha anywe yeye kwanza mbele yangu. Akanywa, akapiga mbweu, akasema, "Sasa imebaki ya mama." Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu, halafu kicheko kinakatika.

Somoe alikuwa analala ameketi kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza ukutani. Ukuta ule ule aliousiriba mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa namwekea mto.

Zuhura akaja na gari la kukodi. Hakupiga hodi. "Baba, shikamoo. Nimekuja kumchukua mama. Ukitaka kuja, nafasi ipo. Ukitaka kubaki, baki na mashaka yako."

Hajawahi kuniambia neno kama lile. Nikapanda nyuma, nikakaa na mabegi.

Dar wakarudia CT scan. Daktari yule yule akatuita. Ugonjwa ulikuwa umeshapenya kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, umeshuka.

"Sasa kumpasua ni kumuumiza bure," akasema.

Hapo, wakuu, mimi niliyekataa ndiye niliyepiga magoti. Nilimwambia mpasue. Nilimwambia lete fomu, natia saini hata mara mbili, lete na ya mkwe wangu niitie. Akaniinua kwa mkono. Akasema, "Baba, lile dirisha limefungwa."

Alichoweza kufanya ni kuyatoa maji yote, kisha kupuliza dawa ya unga kifuani ili utando ushikane na maji yakose pa kukaa.

Na mimi, hata pale, mashaka yakapanda. "Unga? Unga gani tena?"

Somoe akacheka kitandani, kicheko kikamgeukia kikohozi. "Mwache mama wa watu afanye kazi. Unga mimi nimeshauzoea."

Nikajua kwamba anajua.

Nikamgeukia daktari. Nikasema, "Mimi sikuwa mkulima. Nilikuwa nakata asbesto. Unga wake nilimletea nyumbani akasiribia."

Daktari akasema, "Najua, baba. Mama aliniambia siku ile ulipokwenda kuswali."

Nikamuuliza kama ningesema kule Lindi, siku ya kwanza, ingekuwaje. Akafikiri kidogo. Akasema pengine wangemtuma kwake mapema, badala ya zile dawa za miezi sita. Pengine. Hakulisukuma neno zaidi ya hapo.

Alipotoka, nikakaa kwenye stuli karibu na mke wangu.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukunisuta pale pale Lindi?"

"Ningekusuta mbele ya kijana yule? Mume wangu?" Akavuta pumzi. "Nilikusitiri mbele ya watu. Nikadhani tukifika nyumbani utaniambia mwenyewe."

Miezi yote ile sikumwambia.

Ule unga wa daktari ulimsaidia. Maji hayakurudi kwa kasi. Alirudi Kiswere akaweza kulala chali, akala ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka nikamwambia atamaliza pori. Aliuona msimu mwingine wa korosho, ingawa aliuona akiwa kitini. Kisha akaanza kukonda, na mwishoni ikawa ni dawa ya maumivu tu ya kumeza kwa kijiko. Alifariki asubuhi, Zuhura amemshika mkono mmoja, mimi mwingine. Innalillahi wainna ilayhi rajiuun.

Kuna jambo moja la msibani lazima niliseme.

Huku kwetu mtani ana ruhusa yote kwenye msiba. Anaweza kuvaa nguo zako, kukuigiza, kukutukana, na huna haki ya kununa. Mtani wetu, Bi Fatu, mwanamke mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti, akaingia stoo akaukuta msumeno wangu wa zamani. Akapata na kaptula yangu. Akajimwagia majivu kichwani mpaka kope, akatoka uani akikata hewa kwa msumeno, anapiga mluzi.

"Somoe weee! Njoo umpokee mzimu wako!"

Kisha anageuka kuwa Somoe, anakung'uta nguo, pu, pu, pu, anakohoa kwa madaha.

Uani watu walicheka mpaka machozi. Bi Fatu hakujua lolote. Alikuwa anakumbuka tu, kama sote tulivyokumbuka, jinsi nyumba ile ilivyokuwa na furaha.

Nilisimama. Nikasema, "Fatu, basi. Hilo vumbi ndilo lililomuua."

Wakadhani nami naingia kwenye utani. Nikarudia. Nikaeleza yote, viroba, jiko, uongo wa Lindi, uongo wa Dar, upasuaji niliouzuia. Bi Fatu amesimama katikati na majivu yake, msumeno mkononi, hajui auweke wapi.

Mwanamke mmoja mzee akauliza taratibu kutoka jamvini, "Na ule ulionigawia mimi?"

Niliowagawia unga ninawakumbuka kwa majina, ni nyumba saba. Wawili wamehama. Wengine nimepita mlango kwa mlango, nikawaambia wakipata maumivu ya ubavu au pumzi kukatika, wasingoje, na wamwambie daktari habari ya ukuta. Wapo walionishukuru. Yupo aliyenifungia mlango. Bakari naye amekuja kuniomba radhi, nikamwambia radhi tuombe wote wawili, tena siyo kwangu.

Baada ya arobaini nilikwenda Dar kumuona yule daktari. Swali langu lilikuwa moja. Nikamuuliza, "Nilimnyang'anya miezi mingapi?"

Akasema hana kipimo cha kupima hilo. Akasema wapo aliowapasua mapema wakaishi miaka, wapo aliowapasua vizuri kabisa wakaondoka kabla mshono haujakauka. Hata madaktari wenyewe, akasema, wanabishana nani hasa apasuliwe na nani aachwe. "Ninachojua," akasema, "ni kwamba mama alitaka kujaribu, na siku ile nilikuwa naweza."

Hakunihukumu, na hakunifutia. Nimerudi nalo hilo.

Sasa fundisho, kama mnaniruhusu.

Daktari akikuuliza kazi, mjibu. Hata kama mgonjwa ni mkeo au mtoto. Hata kama kazi ile ilikuwa na wizi mdogo ndani yake. Upasuaji ukitajwa, uliza maswali yote, shuku ukipenda, lakini mwenye mwili ndiye aamue, na aamue kabla siku hazijapita.

Na wenye mabati yale ya zamani, msiyakate, msiyavunje, msiyapige msasa. Yakiwa mazima yaacheni yalivyo. Ulizeni watu wa afya au mazingira wa wilaya namna ya kuyaondoa. Vijana wa mdogo wangu walitaka kulibomoa jiko kwa nyundo waniondolee uchungu. Nikawazuia. Bado limesimama, mlango nimeupigilia misumari, nangoja wenye ujuzi waje. Ukuta wa ndani nimeupaka rangi nzito mara tatu. Nalala chumba kingine. Wajukuu wakija naushuku ukuta ule kuliko nilivyowahi kumshuku mtu yeyote.

Mimi mwenyewe tangu mwezi uliopita ubavu wa kushoto unaniuma nikikohoa. Inawezekana ni uzee umeingia upande mmoja. Jumatatu naenda Lindi kwa eksirei, Zuhura anajua, nimemwambia mwenyewe kwa simu. Na nimeshajua nitakavyoanza nikiingia kwa daktari. Sitangoja aniulize.

Kama kuna mtu humu amewahi kuuguza ugonjwa huu, au amefanyiwa upasuaji huo, aandike hapa chini ilikuwaje. Hata kama mwisho haukuwa mzuri. Na kama baba yako alikata mabati yale, leo ukimpigia muulize nani alikuwa akizikung'uta nguo zake.